Sura ya Nne: Swali Kwanza, Fomu Baadaye

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili ikusanye maoni ya Watanzania: nchi iendelee na chama kimoja au iingie kwenye vyama vingi? Tume ilizunguka Bara na Visiwani. Hesabu ilipofungwa, takriban watu wanane katika kila kumi waliotoa maoni walikuwa wametaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, ikataja na sheria 40 ilizoona zinabana haki za watu. Chama Cha Mapinduzi kikaridhia ushindani, na tarehe 1 Julai 1992 mfumo mpya ukaanza kisheria.

Hapo pana fumbo. CCM haikuwa imeshindwa vita wala uchaguzi, na wengi wa waliohojiwa walikuwa upande wake. Kwa nini basi chama chenye dola yote mkononi kikubali kugawana uwanja na wapinzani? Mmoja atasema ni Mwalimu Nyerere, ambaye tangu 1990 alikwisha kusema hadharani kwamba mjadala wa vyama vingi ufunguliwe. Mwingine atasema ni kuanguka kwa tawala za Ulaya Mashariki. Wa tatu atawataja wafadhili. Wa nne atasema ilikuwa hesabu ya kisiasa: anayefungua mlango mwenyewe ndiye anayeamua nani aingie na kwa masharti gani. Anayetaka kujua yupi ana hoja nzito zaidi hawezi kubaki Tanzania peke yake. Atatazama Kenya, ambako kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kiliondolewa Desemba 1991, baada ya maandamano ya Saba Saba ya 1990 na baada ya wafadhili kuzuia misaada. Atatazama Zambia, ambako Kenneth Kaunda aliitisha uchaguzi wa vyama vingi Oktoba 1991 na akashindwa. Nchi tatu za ukanda mmoja zilifika mahali pamoja katika kipindi kilekile, kila moja kwa njia yake.

Kazi ya shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa ni ya namna hiyo: kushika jambo moja la madaraka ambalo lingeweza kuwa vinginevyo, kupanga maelezo yanayoshindana, kisha kutafuta ushahidi wa kuyapima. Naandika sura hii kwa ajili ya mhitimu wa shahada ya kwanza anayetaka kuingia kwenye kazi hiyo, awe Dodoma, Mombasa, Bujumbura au Kampala. Nimesoma barua nyingi za maombi za vijana wetu, na imani yangu imezidi kuwa imara: mwombaji mwenye swali zuri hupata njia ya kuandika kila kipande cha maombi yake, na asiye na swali hukwama kila ukurasa, hata kama ana alama za juu.

Mada haitoshi

Maombi mengi yanayokataliwa yana mada, lakini hayana swali. "Demokrasia barani Afrika" ni mada. "Ushiriki wa wanawake katika siasa" ni mada. "Utawala bora na maendeleo" ni mada, tena imechoka. Mada inaweza kujazwa kurasa mia bila mtu kujua ulitaka kugundua nini. Swali lina mahali, lina wakati, na ndani yake pana tofauti inayohitaji kuelezwa.

Tuichukue hiyo mada ya wanawake. Tanzania ina viti maalum vya wanawake bungeni, na Katiba inataka viti hivyo visipungue asilimia 30. Kenya, katika Katiba ya 2010, iliandika kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe wa vyombo vya kuchaguliwa. Lakini sheria ya kutekeleza kanuni hiyo ilikwama bungeni mara baada ya mara, mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge. Kwa nini nchi moja ilipata viti vyake bila mvutano mkubwa, na jirani yake, yenye Katiba inayosifiwa zaidi, ikashindwa? Je, ni kwa sababu viti maalum hugawiwa na vyama, kwa hiyo viongozi wa vyama hawapotezi kitu? Mwombaji akifika hapo, mada imeshakuwa swali, na tayari ana dhana ya kwenda kuipima.

Kabla hujagusa fomu yoyote, lipime swali lako kwa njia tatu. Kwanza, watu wawili wenye akili timamu na habari zilezile wanaweza kutofautiana juu ya jibu? Kama kila mtu anajua jibu, hakuna cha kutafiti. Pili, ushahidi upo mahali unapoweza kufika? Swali kuhusu yanayosemwa ndani ya vikao vya siri vya Baraza la Mawaziri linaweza kuwa tamu, lakini hutafunguliwa mlango. Tatu, ukipata jibu, nani mwingine zaidi yako ataona mambo tofauti?

Liseme swali hilo kwa Kiswahili kwanza. Maombi yenyewe utayaandika kwa Kiingereza, lakini mweleze kwanza shangazi au mjomba wako asiyejua lugha ya vitabu. Akikuuliza, "Sasa wewe unataka kujua nini hasa?" rudi ukapunguze maneno. Akisema, "Hata mimi nimekuwa nikijiuliza hilo," uko karibu.

Jua unachoomba

Sayansi ya siasa ina matawi yake, na kamati ya udahili itataka kuona kwamba unajua swali lako limekaa tawi gani. Nadharia ya siasa inauliza juu ya haki, uhuru na uhalali wa utawala. Siasa linganishi inatazama nchi au maeneo kwa pamoja ili kueleza tofauti zao. Uhusiano wa kimataifa unashughulika na yanayopita kati ya dola: vita, mikataba, jumuiya kama ya Afrika Mashariki. Utawala wa umma unaingia ndani ya ofisi za serikali na kuuliza kwa nini zinafanya kazi au hazifanyi. Fumbo la Nyalali ni la siasa linganishi. Swali la viti maalum linaweza kukaa humo, au likaegemea nadharia ukiuliza kama mwakilishi aliyeteuliwa na chama anamwakilisha mpigakura kweli.

Wapo pia wanaoomba shahada hii wakati wanachohitaji kiko kwingine. Anayetaka kugombea ubunge Tanzania hadaiwi uzamili. Katiba inamtaka ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Anayetaka kazi ya ubalozi atazame kwanza Chuo cha Diplomasia cha Kurasini, kilichoanzishwa na Tanzania na Msumbiji mwaka 1978 na leo kina jina la Dkt. Salim Ahmed Salim. Ofisa wa halmashauri anayetaka kupanda ngazi atafaidika zaidi na uzamili wa utawala wa umma, fani ambayo Mzumbe inajulikana nayo kwa muda mrefu. Hizo ni njia za heshima. Ukiijua yako mapema unajiokoa na miaka miwili ya kusoma usichokitaka.

Tafuta walimu, kisha chuo

Jina la chuo linavutia, lakini atakayesimamia tasnifu yako ni mtu, na mtu huyo ana mambo anayoyajua na mengine asiyoyajua. Kwa hiyo anza na walioandika juu ya swali lako. Soma makala mbili tatu za karibuni, tazama wanamnukuu nani, kisha utafute watu hao wanafundisha wapi.

Usidhani kwamba lazima wawe mbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London na kuwa chuo kikuu kamili cha taifa mwaka 1970, kimekuwa uwanja wa mijadala mikubwa ya fani hii. Hapo Göran Hydén alifundisha miaka ya 1970 kabla ya kuandika kitabu chake cha 1980 kuhusu ujamaa na wakulima ambao dola haikuweza kuwatia mkononi. Hapo Mahmood Mamdani alifundisha miaka hiyohiyo. Profesa Rwekaza Mukandala, mwanasayansi wa siasa, alikuwa Makamu Mkuu wa chuo hicho kuanzia 2006 hadi 2017, na mradi wa REDET wa idara yake ulifuatilia chaguzi za Tanzania kwa miaka mingi. Makerere, Mamdani alipochukua uongozi wa taasisi ya utafiti wa jamii mwaka 2010, alijenga programu ya udaktari yenye masomo ya darasani, ili watafiti wa Afrika wafundwe hapahapa badala ya kupelekwa nje. Nairobi nayo ina idara yake ya sayansi ya siasa na utawala wa umma, na nchi yenye serikali za kaunti 47 tangu 2013 ina maswali ya kutosha ya ugatuzi kwa kizazi kizima.

Ukiamua kwenda nje, ujue kwamba kila nchi ina desturi yake. Uingereza uzamili huchukua mwaka mmoja. Masomo ni ya mbio, na tasnifu huandikwa kiangazi. Ujerumani huchukua miaka miwili, na vyuo vya umma katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo, ila Baden-Württemberg, ambako wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya hulipa euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Marekani ni tofauti kabisa: idara nyingi kubwa za sayansi ya siasa hazina uzamili unaojitegemea. Zinadahili moja kwa moja kwenye udaktari, zinamlipia mwanafunzi, na uzamili hutunukiwa njiani. Mtanzania anayetafuta uzamili peke yake huko huishia kwenye programu za kulipia, nyingi zikiwa ghali mno. Kama swali lako ni kubwa kiasi cha kubeba udaktari, usiogope kuomba udaktari wenyewe.

Alama zako na safari yako

Katika vyuo vya Tanzania, daraja la pili la chini linaanzia GPA ya 2.7 kwenye kipimo cha 5.0, na hapo ndipo kwa kawaida sifa ya kuomba uzamili inapoanzia. Kuanzia 3.5 uko daraja la pili la juu, na milango ya nje na ya ufadhili inaongezeka. Aliyepata chini ya 2.7 bado ana njia kupitia stashahada ya uzamili au uzoefu wa kazi, kwa kufuata kanuni za chuo husika.

Kwa wenye alama zisizong'aa, yafaa kuijua safari ya Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933, mtoto wa Kadhi Mkuu Sheikh Al-Amin Mazrui. Mtihani wa Cambridge wa mwaka 1949 ulimwendea vibaya, na Makerere haikumpokea. Alifanya kazi katika taasisi ya elimu ya Kiislamu palepale Mombasa, akapata nafasi ya kwenda Uingereza, akachukua shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, uzamili Columbia, New York, mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Kufikia hapo alikuwa tayari anafundisha Makerere, chuo kilekile, akaja kuwa mkuu wa idara ya sayansi ya siasa. Kilichomvusha kilikuwa kazi aliyoifanya baada ya mtihani ule.

Kwa hiyo, kama muhula mmoja uliharibika kwa ugonjwa, msiba au kukosa ada, eleza kwa sentensi moja au mbili bila kuomba huruma, kisha weka mbele ushahidi mpya: insha ndefu uliyoandika vizuri, ripoti uliyoshiriki kuiandaa kazini, somo la takwimu ulilosoma baadaye. Kamati huzitazama zaidi alama za mwaka wa mwisho na za masomo ya mbinu za utafiti kuliko wastani mtupu.

Barua ya nia

Barua hii ndiyo moyo wa maombi. Kwa kawaida ni ya ukurasa mmoja au kurasa mbili. Huanza vibaya kwa namna inayofanana kila mahali:

"Tangu nikiwa mtoto nimekuwa na shauku kubwa ya siasa. Nchi yangu inakabiliwa na changamoto nyingi za utawala bora. Ninaamini kwamba chuo chenu chenye sifa kubwa kitanipatia ujuzi wa kuleta mabadiliko chanya katika jamii yangu."

Hakuna uongo hapo, lakini barua hiyo inaweza kutiwa saini na mtu yeyote wa nchi yoyote. Msomaji wa kamati hajajua umeona nini ambacho yeye hajaona. Sasa tuseme mwombaji huyo amewahi kufanya kazi katika ofisi ya kata, na anaanza hivi:

"Utaratibu wa serikali za mitaa Tanzania unataka mapato na matumizi ya kijiji yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji kila robo mwaka. Katika kata niliyofanyia kazi, kijiji kimoja kilisoma hesabu zake kila mkutano. Kijiji kilichopakana nacho kilipita mwaka mzima bila kusoma. Watendaji wote wawili waliajiriwa na halmashauri moja, wana elimu inayolingana, na wenyeviti wote wawili ni wa chama kimoja. Nataka kujua ni nini kinachomlazimisha mtendaji mmoja asome, na kinachomruhusu mwenzake akae kimya."

Hapo msomaji ananyanyua kichwa. Mwandishi ameona kitu kwa macho yake. Ameondoa maelezo rahisi: mwajiri ni yuleyule, elimu inalingana, chama ni kilekile. Amebakiwa na fumbo la kweli, na bila kulitaja neno la kitaalamu ameonyesha kwamba anafikiri kama mlinganishaji.

Baada ya aya hiyo barua ina kazi tatu. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba umesoma. Mwombaji wetu anaweza kutaja utafiti wa Edward Miguel uliochapishwa mwaka 2004, uliolinganisha wilaya ya Busia upande wa Kenya na Meatu upande wa Tanzania. Miguel aliona kwamba Busia, mahali penye makabila mengi michango ya shule ilipungua, lakini Meatu tofauti za makabila hazikuleta athari hiyo, naye akalihusisha jambo hilo na sera za kujenga taifa, Kiswahili kikiwa mojawapo. Kisha mwombaji aseme pengo liko wapi: Miguel anaeleza tofauti kati ya nchi mbili, ilhali yeye anauliza juu ya tofauti kati ya vijiji viwili vya kata moja, ambavyo sera ya taifa ni ileile.

Kazi ya pili ni kueleza kwa nini idara hii: mtaje mwalimu mmoja au wawili, useme kazi yao gani inagusa swali lako, na somo gani la mbinu unalihitaji. Usimtaje mwalimu ambaye hujasoma hata makala yake moja. Watu hao hukaa kwenye kamati. Kazi ya tatu ni kusema utakwenda wapi baada ya hapo. Kufundisha, kufanya utafiti, kurudi halmashauri ukiwa na macho mapya, yote yanafaa. Ahadi ya kubadilisha bara zima haimsaidii mtu.

Nakusihi uandike barua hii kwa mkono wako. Mitaani wapo wanaoandikia watu barua kwa malipo, na zipo programu za kompyuta zinazoitoa kwa dakika moja. Utakachopata ni ile barua ya kwanza, imepakwa rangi tu. Kijiji ulichokiona wewe hawakijui.

Pendekezo la utafiti

Vyuo vingi vya Afrika Mashariki huomba pendekezo fupi la utafiti, hasa kwa uzamili wa tasnifu pekee. Watu hulifanya litishe kwa istilahi, lakini linauliza mambo manne tu: unataka kujua nini, wengine wamesema nini, utajuaje, na utawezaje ndani ya muda na fedha ulizo nazo.

Hilo la tatu ndilo linalowashinda wengi. Kuandika "nitatumia hojaji na mahojiano" hakutoshi. Mwombaji wetu aseme kwamba atachagua vijiji vinavyofanana kwa ukubwa na mapato lakini vinavyotofautiana katika kusoma hesabu. Kwamba atapitia mihutasari ya mikutano mikuu ya miaka kadhaa. Kwamba atazungumza na mtendaji, mwenyekiti, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na wananchi wasio na cheo. Aseme pia nini kitamwonyesha kwamba amekosea. Kama anadhani hesabu husomwa pale wananchi wanapochangia fedha zao wenyewe, basi kijiji chenye michango mikubwa kinachokaa kimya ni ushahidi dhidi yake, na ni lazima akitafute.

Juu ya uwezekano, onyesha kwamba unajua njia. Mwanafunzi hupewa barua na chuo, akaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka wilayani na halmashauri, hadi kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Kila ngazi ina siku zake. Anayeandika ratiba isiyo na wiki hizo anaonyesha kwamba hajawahi kwenda uwandani.

Wadhamini

Utatakiwa kuwa na wadhamini wawili au watatu wa kitaaluma. Tatizo letu linajulikana: darasa lilikuwa la mamia, mwalimu alikuona kwenye karatasi ya mtihani tu, na sasa miaka imepita. Barua ya mwalimu asiyekukumbuka inasema ulihudhuria na ulifaulu, na kamati inaelewa maana yake.

Mrudishie mwalimu kumbukumbu. Mwandikie mapema, angalau wiki sita kabla ya siku ya mwisho, kwa maneno kama haya:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wako wa somo la Siasa Linganishi, mwaka wa tatu. Kazi yangu ya mwisho ilihusu mabaraza ya kata, na uliniandikia pembeni kwamba hoja ni nzuri ila ushahidi ni mwembamba. Tangu hapo nimekuwa nikiutafuta ushahidi huo. Naomba kujiunga na shahada ya uzamili, na ningefurahi kama ungekuwa mdhamini wangu, iwapo unaona unanifahamu kiasi cha kuniandikia. Nimeambatisha kazi hiyo, matokeo yangu, rasimu ya barua ya nia na orodha ya vyuo pamoja na tarehe zake."

Salamu ipo, heshima ipo, na mwalimu amepewa mahali pa kukataa bila aibu, jambo ambalo ni faida kwako, kwa maana mdhamini aliyekubali kwa kusitasita huandika kwa kusitasita. Vyuo vingi humtumia mdhamini kiungo moja kwa moja, navyo hutaka barua pepe ya ofisi. Mkumbushe aangalie hata kwenye kapu la barua taka, na umkumbushe tena kwa adabu wiki moja kabla. Mkuu wako wa kazi anaweza kuwa mdhamini wa ziada, lakini angalau mmoja awe mtu aliyesoma maandishi yako.

Makaratasi na fedha

Makaratasi hayamfanyi mtu adahiliwe, ila yanaweza kumzuia. Linganisha majina yako kwenye cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, pasipoti na shahada. Herufi moja iliyozidi, au jina la babu lililotokea kwenye cheti kimoja tu, itakulazimu upate hati ya kiapo kwa wakili, na hilo si la kufanya siku ya mwisho ukiwa steshenari unasubiri umeme urudi. Omba matokeo rasmi chuoni mapema. Kama ulisoma shahada ya kwanza nje na unaomba Tanzania, anza na Tume ya Vyuo Vikuu ili shahada yako itambuliwe. Kwa vyuo vya nje, uliza kama barua ya chuo chako inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza inatosha badala ya mtihani wa IELTS au TOEFL. Mara nyingine inatosha, na inakuokoa fedha nyingi.

Ufadhili una kalenda yake, na mara nyingi kalenda hiyo hutangulia ya chuo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, hufungua maombi karibu na Agosti kwa masomo ya Septemba ya mwaka unaofuata. Hutaka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, kozi tatu ulizochagua, na ahadi ya kurudi nyumbani kwa muda usiopungua miaka miwili. DAAD ya Ujerumani ina mpango wa Helmut Schmidt kwa sera za umma na utawala bora, unaofaa sana watu wa fani yetu. Anayekwenda Ujerumani bila ufadhili ataonyesha fedha za mwaka mzima katika akaunti iliyozuiwa. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904. Anayebaki nyumbani aangalie masomo ya jioni ili aendelee na kazi, na kama ni mtumishi wa umma aombe ruhusa ya masomo kwa mwajiri kabla ya kulipa ada.

Utaona kwamba wafadhili nao huuliza yaleyale: unataka kujua nini, kwa nini wewe, na utakifanyia nini. Mwenye swali hujibu fomu hizo zote kutoka chanzo kimoja.

Baada ya kutuma

Majibu huchukua miezi. Wengi huiacha miezi hiyo ipite bure, na hapo hupoteza zaidi ya wanavyodhani. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge la Tanzania zipo wazi kwa yeyote. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa kila mwaka, na mojawapo ni ripoti nzima juu ya serikali za mitaa. Takwimu za Afrobarometer, ambazo Tanzania hukusanywa na taasisi ya utafiti ya REPOA, hupatikana bure, na ndani yake watu wa kawaida wameulizwa kama wanawaamini viongozi wao wa mitaa. Mwombaji wetu wa kata anaweza kuanza kusoma leo. Akidahiliwa, ataingia darasani akiwa mbele ya wenzake. Akikosa, dirisha lijalo la udahili litamkuta na aya ya kwanza iliyo bora kuliko ya mwaka huu.

Nalisisitiza hili kwa sababu ninaona haja yake kila siku. Siasa tunaizungumza vijiweni, kwenye daladala, redioni na misikitini, na tunaizungumza kwa ujuzi mwingi kuliko wasomi wengi wanavyotupa sifa. Tunachokosa ni watu wa kukaa na swali moja mpaka lijibike, wakaja wakatuambia kwa ushahidi kwa nini hesabu za kijiji hiki zinasomwa na za kile zimefichwa, ili wa kile nao wajue wadai nini na kwa nani. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wageni peke yao, maana wengi wao hawajui pa kuanzia kuuliza. Unapojaza fomu ya uzamili, unaomba nafasi ya kuwafanyia watu wako kazi hiyo. Ijaze kwa uzito huo.